Kompyuta ya Nyumbani Ikichoka: Tuikarabati au Tununue Nyingine?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015 na ambao umo katika kompyuta nyingi tunazozikuta majumbani mwetu. Kusitishwa huko hakukuzima kompyuta ya mtu yeyote. Zilizokuwa zikiwaka siku ile ziliwaka na siku iliyofuata. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, yaani viraka ambavyo kampuni ilikuwa ikivituma kila mwezi ili kuziba mianya wanayopenyea wezi wa mtandaoni na virusi. Lakini habari ilipofika huku kwetu Nyakitonto, katika nyanda za juu za Kigoma baina ya Kasulu na Kibondo, ilikwishatiwa chumvi: kwamba kompyuta zote za zamani zimekwisha kazi, na kwamba mwenye uwezo aharakishe kununua mpya.

Sisi tulio katika kamati ya msikiti tuna ofisi ndogo yenye kompyuta na printa, na majirani huja hapo kuchapa barua na kutuma maombi ya watoto wao. Swali ambalo akina baba, akina mama na vijana wa sekondari wametuuliza zaidi ya mengine ni hili: kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, tuikarabati au tununue nyingine?

Kwa mwenye mshahara mkubwa huenda hilo likawa swali la dakika tano. Kwa familia ya huku si dogo. Fedha ya kompyuta hutoka katika magunia ya maharage na mahindi, na fedha hiyo hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo mbolea ya msimu ujao, ndiyo bati la kuziba paa kabla mvua hazijaanza. Anayenunua pasipo haja amefanya israfu, na Suratul Israa imeukemea ubadhirifu kwa maneno makali. Na anayeng'ang'ania mashine iliyokwisha, akailisha spea mwaka baada ya mwaka, naye anapoteza mali, ijapokuwa hujiona mwangalifu. Baina ya hao wawili ipo njia ya wastani, nayo huanzia kwenye uchunguzi, si dukani. Ushauri wetu ni mmoja: asiyejua kompyuta yake inaumwa nini asinunue nyingine.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Kabla ya kumwita fundi, familia na ikae pamoja, ichukue karatasi, iandike ni kazi gani hasa zinazofanywa kwa kompyuta ile. Mama ni mwalimu, anatunga mitihani na kuandaa matokeo. Baba anaweka hesabu za duka. Kijana amemaliza kidato cha nne na anataka kubadili chaguo lake katika mfumo wa Selform wa TAMISEMI. Binti amemaliza kidato cha sita, anaomba chuo, na anataka kuwasilisha maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Wadogo wanasikiliza usomaji wa Qur'ani na darsa zilizohifadhiwa.

Karatasi hiyo itaonyesha mambo mawili. Kwanza, kazi nyingine hazihitaji kompyuta kabisa; simu ya mkononi inazitosha. Familia ambayo kazi zake zote zinafanyika kwa simu haina sababu ya kukarabati wala kununua. Pili, kazi za kuandika, kuweka hesabu, kusoma vitabu na kujaza fomu ni kazi nyepesi, na kompyuta ya miaka kumi iliyotunzwa vema inazimudu. Mashine yenye nguvu zaidi huhitajika pale kijana anaposoma chuo fani ya usanifu wa majengo au utengenezaji wa programu, au anapohariri video za harusi na mihadhara ili apate riziki. Huyo hesabu yake ni nyingine, kwa kuwa kompyuta kwake ni jembe.

Dalili na magonjwa yake

Mganga hatoi dawa kabla ya kuuliza dalili. Kompyuta nayo ina dalili zake, na nyingi kati ya hizo zinaashiria ugonjwa mwepesi.

Ikiwa kompyuta huchukua dakika kadhaa kuwaka, na taa yake ndogo ya diski humetameta bila kupumzika, mtuhumiwa wa kwanza ni diski ngumu. Diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani yake, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kidole kidogo kinachotafuta taarifa juu ya sahani hiyo. Diski za kisasa ziitwazo SSD hazina kinachozunguka. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya kawaida husoma takriban 500. Na katika kutafuta mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, ambayo ndiyo kazi kubwa ya kuwasha kompyuta, tofauti huwa kubwa zaidi ya hapo. Hakuna spea moja inayoigeuza kompyuta ya zamani kama hii. Iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano huwaka kwa chini ya dakika moja.

Ikiwa kompyuta huwaka vizuri lakini huganda pindi unapofungua mambo mawili matatu kwa pamoja, kinachopungua ni kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita RAM. Gigabaiti 4 zilitosha zamani. Leo tunashauri 8. Muhimu ni kujua aina inayoingia katika mashine yako. RAM ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwani pengo lililochongwa ukingoni mwake halilingani, na ya kompyuta ya mezani ni ndefu kuliko ya kompyuta mpakato. Anayeagiza spea Kigoma mjini, Mwanza au Dar es Salaam ikaletwa kwa basi, na aandike aina hiyo kwa usahihi au atume picha ya ile iliyomo, asije akalipia nauli ya kitu kisichoingia.

Ikiwa kompyuta hupiga kelele kama mashine ya kusaga, hupata joto kali kisha hujizima yenyewe, tazama vumbi kwanza. Kiangazi cha huku kwetu, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Likijaa kwenye feni, hewa haipiti. Dawa yake ni kuifungua ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kuisafisha kwa brashi laini na hewa, na kupaka upya ute unaopitisha joto juu ya prosesa. Gharama yake ni ya ufundi tu.

Ikiwa kila unapoiwasha saa na tarehe zimerudi miaka ya nyuma, na kurasa za mtandao zinakataa kufunguka kwa onyo la usalama, usidhani kwamba kompyuta imekufa. Ndani yake ipo betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, yenye namba CR2032 na nguvu ya volti 3, inayoshikilia saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo huisha baada ya miaka kadhaa. Tarehe ikiwa si sahihi, kurasa nyingi za mtandao haziwezi kuthibitisha vyeti vyao vya usalama, hivyo hukataa. Ni betri ya bei ndogo kuliko spea zote, na kwa ajili yake zipo mashine zilizowekwa stoo miaka mingi.

Magonjwa mazito nayo yapo. Mashine isiyowaka kabisa hata baada ya kubadilishiwa chaja au kifaa chake cha kupokea umeme, mpakato ulioingia maji hadi kwenye ubao mkuu, au kompyuta iliyopigwa radi msimu wa mvua, hizo mara nyingi ukarabati wake haulipi. Ubao mkuu ndio msingi wa nyumba. Ukiharibika, fundi atatafuta mwingine uliotolewa katika mashine iliyokufa, na hakuna wa kukudhaminia kwamba nao hautafuata njia hiyo hiyo.

Swali la mfumo endeshi

Kompyuta inaweza kuwa nzima wa afya na bado ikakutana na ukuta wa mfumo endeshi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inahitaji RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 kwa uchache, na hayo si magumu. Ugumu ni kwamba inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel aina ya Core, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane.

Kujua kizazi si kazi ngumu. Fungua mipangilio ya kompyuta, sehemu ya maelezo ya mfumo, usome jina la prosesa. Ikiandikwa i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, basi ni kizazi cha nne. Ikiandikwa i5-8250U, ni cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha kumi.

Kompyuta ya kizazi cha nane na kuendelea ikarabatiwe bila wasiwasi, iwekewe Windows 11, nayo itaishi. Kompyuta ya kizazi cha chini ya hapo ina njia tatu. Ya kwanza ni nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama wa Windows 10, hadi Oktoba 2026, ambayo Microsoft iliiruhusu kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha. Hiyo ni muhula wa kujipanga, si makazi ya kudumu. Ya pili ni kumtaka fundi ailazimishe Windows 11 iingie. Wapo wanaoweza, lakini Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho, na mwenye kompyuta anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Njia ya tatu ni mfumo huria, yaani Linux, na kwa wanaoanza toleo la Linux Mint ni jepesi kuzoeleka. Mfumo huu haulipiwi, hupokea masasisho, na huja na programu ya LibreOffice ya kuandikia na kuweka hesabu ambayo hufungua mafaili mengi ya Word na Excel. Programu huria si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kasoro za njia hii nazo zisemwe: baadhi ya printa husumbua, baadhi ya programu za Windows hazifanyi kazi, na mama aliyezoea vitufe vyake kwa miaka kumi atahitaji wiki mbili tatu za subira. Mwanafunzi ambaye chuo chake kinadai programu maalumu ya Windows asipelekwe huko.

Mjane na daftari la madeni

Katika mengi yaliyopita ofisini kwetu, limo moja linaloonyesha uzito wa jambo hili. Mjane mmoja mwenye watoto wanne alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu mumewe. Ilikuwa ya kizazi cha nne, yenye RAM ya gigabaiti 4. Tarehe ilikuwa ikirudi nyuma, mtandao ulikuwa ukikataa, na kuwaka kwake kulikuwa kwa kujikokota. Mfanyabiashara mmoja alikwishamwambia kwamba mashine hiyo haina maisha, na kwamba yu tayari kuichukua ikiwa mjane ataongeza fedha apate nyingine. Fedha ya maharage ilikuwa imekwishatengwa.

Mwanawe mkubwa ndiye aliyesita. Alikumbuka kwamba baba yake alikuwa akiandika humo mikopo ya dukani: nani anadai na nani anadaiwa. Kila msomaji wa gazeti hili anajua kwamba deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Kompyuta ile, kumbe, ilikuwa imebeba dhima ya maiti.

Fundi alipoifungua alikuta betri ya saa imekwisha na diski imeanza kuoza sehemu. Jambo la kwanza alilolifanya ni kunakili kila kilichosomeka, kabla ya kugusa kitu kingine. Faili la madeni lilipatikana. Walikuwamo watu watatu wanaomdai marehemu ambao familia haikuwa na habari nao, na mmoja wao alikuwa ameona haya kuja kudai kwa mjane. Wote wakalipwa. Kisha kompyuta ikapewa betri mpya, SSD na RAM ya ziada, ikawekewa Linux Mint, na leo watoto wawili wa sekondari wanaisomea.

Hatusemi kwamba kila kompyuta ya zamani ina hazina. Mwalimu mmoja wa jirani yetu alikuwa na mpakato ulioingia maji, akaambiwa na mafundi wawili kwamba ubao mkuu umeharibika. Huyo tulimshauri anunue mwingine, naye akafanya vema. Tofauti ya wawili hawa ni uchunguzi. Kila mmoja alijua ugonjwa kabla ya kutoa fedha.

Hesabu ya shilingi na ya miaka

Tuchukue tarakimu za mfano, si bei za soko, ili kila familia iweke za kwake. Tuseme SSD ni shilingi 80,000, RAM 40,000, betri ya saa 3,000, na ufundi 25,000. Jumla ni 148,000. Tuseme tena kwamba kompyuta nyingine iliyotumika, ya kizazi cha nane, ni shilingi 450,000. Kanuni ya kwanza ya mafundi waaminifu ni kwamba ukarabati usivuke nusu ya bei ya kununua nyingine. Hapa nusu ni 225,000, hivyo ukarabati umepita mtihani.

Lakini shilingi pekee hazitoshi. Gawanya kwa miaka. Kompyuta ya 450,000 ikidumu miaka 6, kila mwaka umekugharimu 75,000. Ukarabati wa 148,000 ukidumu miaka 3, kila mwaka ni chini kidogo ya 50,000, na umeokoa. Ukidumu mwaka mmoja tu, umelipa 148,000 kwa mwaka, na umepata hasara. Mpaka wa mfano huu ni miaka 2. Basi muulize fundi swali la wazi: baada ya kazi hii, mashine itanifikisha miaka miwili? Akisitasita, umepata jibu.

Ingiza na umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitegemea majenereta ya dizeli kabla ya wilaya hizi kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na hadi sasa nyumba nyingi za vijijini zinatumia sola. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 100, ikiwashwa saa 5 kila siku, hula uniti 15 kwa mwezi. Mpakato wa wati 40 kwa saa hizo hizo hula uniti 6. Kwa kaya iliyo katika kundi la wateja wadogo wa TANESCO, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, uniti 9 si za kupuuzwa. Na kwa nyumba ya sola, mpakato una betri yake, nao hauzimiki ghafla wingu likipita. Hiyo ni sababu halali ya kubadilisha mashine hata kama ya zamani ingali hai.

Baki jambo la mkopo. Zipo huduma za mikopo ya haraka ya simu ambazo riba yake humeza faida yote ya kompyuta, mbali na uharamu wake. Anayetaka kununua kwa awamu na akubaliane na muuzaji bei moja isiyobadilika na tarehe za malipo, yaandikwe, na mashahidi wawepo.

Somo la mwaka 1974

Wapo wanaoamini kwamba mashine mpya itaondoa matatizo yote ya ile ya zamani. Historia ya nchi yetu ina jibu lake. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikafungwa katika Wizara ya Fedha. Baada ya miaka michache ikaletwa nyingine kubwa zaidi kwa ajili ya hesabu za Serikali. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, na hesabu zikavurugika hadi ikabidi kurejea njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Mashine ilikuwa mpya na kubwa. Kilichopungua kilikuwa maandalizi na ujuzi wa watu wa kuiendesha.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Familia isiyoweka nakala rudufu, isiyosafisha vumbi, na inayochomeka kila flashi iliyokopeshwa na jirani, itaichosha kompyuta mpya kama ilivyoichosha ya zamani. Fedha ya kununulia ikiwapo, sehemu yake ndogo na itengwe kwa kifaa cha kuzuia umeme mkali, na kwa kumfundisha angalau mtoto mmoja matunzo ya mashine.

Ukiamua kununua

Kompyuta nyingi zinazouzwa katika mikoa yetu ni za mtumba, zilizotumika katika ofisi za nje. Si aibu kuzinunua. Mashine za ofisi mara nyingi zimejengwa imara. Lakini usinunue kwa kutazama rangi ya kasha. Soma kizazi cha prosesa kwa njia tuliyoieleza. Iwashe, ikae nusu saa mbele yako. Chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani. Jaribu kila kitufe cha kibodi, kila tundu, spika na kamera. Ulizia kama diski ni SSD. Taka risiti yenye muda wa dhamana, hata kama ni mwezi mmoja. Na muuzaji Mwislamu akumbuke kwamba kuificha kasoro ya bidhaa ni haramu kwake, hata kama mnunuzi hakuuliza.

Sitara ya nyumba

Lililosahaulika zaidi ni yale yaliyomo ndani ya kompyuta inayoondoka. Kufuta mafaili na kuyamwaga katika pipa la taka la kompyuta hakuyaondoi. Mtu mwenye programu ya kawaida huyarudisha. Humo zimo picha za harusi, picha za akina mama na mabinti wakiwa ndani ya nyumba zao bila hijabu, barua za talaka na suluhu, namba za siri. Kuuza kompyuta pamoja na hayo ni kumfungulia mtu usiyemjua mlango wa chumbani.

Njia salama ni kuitoa diski ya zamani na kubaki nayo. Fundi anaweza kuitia katika kasha dogo ikatumika kama hifadhi ya nje, ikiwa bado nzima. Ikiwa ni lazima iende na mashine, ifutwe kwa programu maalumu ya kufuta, mbele ya macho yako. Na kwa wanaoshika taarifa za wengine, kama makatibu wa vikundi, walimu na sisi wa kamati za misikiti, jambo hili ni amana, na pia ni sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Ikiwa kompyuta ni ya urithi, uamuzi si wa mmoja. Ni mali ya warithi, na yatima wana fungu lao humo. Isiuzwe wala isibadilishwe kabla haijathaminiwa na warithi hawajaridhiana.

Isitupwe shambani

Kompyuta iliyokufa isichomwe moto wala isitupwe shimoni. Vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa vina risasi nyingi, na moshi wa nyaya ni sumu kwa watoto. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Huku kwetu fundi huhitaji spea. Mpelekee RAM, chaja, feni na kioo, vimsaidie mwingine. Mashine iliyo hai lakini haikufai, ipeleke madrasa au umpe mwanafunzi asiye nacho, ikiwa imesafishwa na inafanya kazi. Tusitoe sadaka ya kitu ambacho sisi wenyewe tumeshindwa kukiwasha.

Basi familia na ishauriane. Kazi ziandikwe, ugonjwa ujulikane, nakala ya mafaili itolewe na kuwekwa mahali pawili, hesabu ipigwe kwa shilingi na kwa miaka. Mwenye mashine ya kizazi cha nane na diski nzito aende kwa fundi, si dukani. Mwenye ubao mkuu uliokufa aende dukani, wala asione vibaya. Na yule ambaye bado hajajua inaumwa nini, fedha yake ya maharage ikae palepale ilipo mpaka ajue.